Rangi Katika Nyumba Isiyo na Kuta za Ndani

Siku hizi, katika miji mikubwa na hata katika miji midogo kama Mugumu, vijana wanaoanza kujenga wameipenda nyumba ambayo sebule yake, mahali pake pa kulia chakula na jiko lake havitengwi kwa ukuta. Mtu akisimama mlangoni huviona vyote kwa mara moja. Nyumba hiyo ikiisha kuezekwa na kupigwa lipu, swali la kwanza linalowakabili wenyewe ni la rangi. Je, kila sehemu ipakwe rangi yake, ili ijulikane kuwa hapa ni sebule na pale ni jiko? Au pote papakwe rangi moja, ili nyumba isionekane kuwa imekatwakatwa? Wengi hudhani kuwa swali hili limekuja pamoja na mtindo wenyewe, na kwamba majibu yake hayana budi kutafutwa katika picha za nyumba za nchi za mbali.

Nia yetu katika makala haya ni kuonyesha kwamba swali hili ni la zamani, na kwamba akina mama wa Mara walikwisha kulijibu kwa mikono yao wenyewe muda mrefu kabla ya rangi ya kopo kufika katika maduka yetu. Jibu lao laweza kusemwa kwa maneno machache: kinachoiunganisha nyumba ni kile kisichobadilika tangu mlangoni hadi ndani kabisa, na kinachozitenga sehemu zake ni kile kinachobadilika kwa kipimo. Tutaanza Morotonga, tutawatembelea jirani zetu Wasukuma na ndugu zetu wa Pwani, kisha tutarudi nyumbani kutazama tumefanya nini na urithi huo.

Mwaka 1962, Serikali ilipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kazi kubwa ilianza ya kukusanya na kuhifadhi ngoma, nyimbo, hadithi na vinyago vya makabila yetu. Nyumba nayo haikuachwa kabisa. Tangu miaka ya 1960 Kijiji cha Makumbusho kilichoko Dar es Salaam kimejenga na kutunza nyumba za asili za sehemu mbalimbali za nchi, na mwanafunzi apitaye huko anaweza kuingia na kuziona. Lakini nyumba ya udongo haidumu kama kinyago. Ngozi yake, yaani rangi na mkandiko wake, huisha kila msimu wa mvua na hutengenezwa upya kila msimu wa kiangazi. Kwa hiyo kinachopaswa kuhifadhiwa si ukuta tu, bali ni ujuzi wa yule aukandikaye.

Nyumba moja, sehemu nyingi

Morotonga ni kata iliyo jirani na mji wa Mugumu, Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara. Katika wilaya hiyo, na katika Wilaya ya Tarime iliyo kaskazini yake, wanaishi Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na wengineo, watu wa kilimo na ng'ombe. Kwa wengi wao neno "nyumba" lina maana pana kuliko jengo. Katika mji wa mume mwenye wake kadhaa, kila mke alikuwa na nyumba yake, na watoto wa mke huyo, mifugo aliyopewa na mashamba aliyolima vilihesabiwa kuwa ni vya nyumba hiyo. Hata leo, katika desturi ya Wakurya iitwayo nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume huweza kuoa mke ili nyumba yake isizimike. Mtu akilielewa jambo hili ataelewa pia kwa nini mwanamke aliutunza ukuta wa nyumba yake kama mtu atunzavyo jina lake.

Nyumba tuliyoijua sisi utotoni ilikuwa ya bibi yetu mzaa baba. Ilikuwa ya msonge: nguzo na fito zilizofungwa kwa duara, zikakandikwa udongo, juu yake paa la nyasi lililochongoka. Mlango ulikuwa mmoja, na dirisha halikuwapo. Ndani palikuwa na uwazi mmoja tu uliogawanywa kidogo na kiambaza kifupi ambacho hakikufika paani. Pamoja na hayo, katika uwazi huo mlikuwa na sehemu nne ambazo hakuna mtoto aliyezichanganya. Karibu na mlango, upande mmoja, walilala ndama na mbuzi. Katikati palikuwa na mafiga. Mkabala wa mlango waliketi wageni. Nyuma ya kiambaza palikuwa pa kulala.

Ni kitu gani kilichotufahamisha mipaka hiyo, iwapo ukuta haukuwapo? Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa katika rangi.

Sakafu yote ilikuwa ya rangi moja. Bibi aliisiriba kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na samadi ya ng'ombe na majivu, akaanzia ndani kabisa, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Nyuzinyuzi za majani zilizomo katika samadi huushika udongo usipasuke, na vumbi hupungua. Sakafu ilipokauka ilikuwa ya kijivu, nayo ilipita chini ya kila sehemu bila kukatika. Tena, chini ya ukuta, kwa kimo cha goti la mtu mzima, ulizunguka mkanda mweusi wa udongo wa mbugani uliotiwa masizi. Mkanda huo ulianzia mlangoni kwa mkono wa kulia, ukaizunguka nyumba yote, ukapanda kiambaza na kukizunguka pande zote mbili, ukarudi mlangoni kwa mkono wa kushoto. Haukukatika mahali popote.

Juu ya mkanda ndipo rangi zilipobadilika. Sehemu kubwa ya ukuta iliachwa na wekundu wa udongo wake wenyewe. Mahali pa wageni, mkabala wa mlango, palipakwa udongo mweupe. Upande wa mafiga moshi ulikuwa umepaka rangi yake mwenyewe, na bibi hakushindana nao. Sisi watoto tulizitaja sehemu za nyumba kwa rangi zake. Tukisogea mahali tusipotakiwa, bibi alisema, "Tokeni kwenye weupe, wajukuu zangu, wageni wanakuja, nendeni kwenye wekundu." Hatukuhitaji kuonyeshwa kwa kidole.

Mpango huu haukuwa pambo tupu. Mkanda mweusi ulikaa mahali ambapo ukuta huchafuka upesi, kwa matope ya miguu, kwato za mbuzi na maji yanayoruka. Kwa kuwa ulikuwa na mpaka wake, uliweza kupakwa upya peke yake mara kwa mara, bila kuugusa ukuta wa juu. Udongo mweupe ulichimbwa mbali na kubebwa kichwani, kwa hiyo ulitumiwa kidogo, nao uliwekwa pale ulipoleta faida kubwa kuliko pengine. Katika nyumba isiyo na dirisha nuru yote ya mchana huingia kwa mlango mmoja, na ukuta unaoutazama mlango ndio unaoipokea kwanza. Ukuta huo ukiwa mweupe, hauimezi nuru. Huirudisha ndani, ikawafikia hata waketio pembeni. Hivyo mahali pa wageni palikuwa mahali pa heshima, na wakati huohuo palikuwa taa ya nyumba.

Tuyaweke basi mambo haya mawili kwa utaratibu. Sakafu na mkanda havikubadilika, navyo viliifanya nyumba iwe moja. Ukuta wa juu ulibadilika, nao uliipa kila sehemu kazi yake. Kama vyote vingebadilika, nyumba ingekuwa vipande vipande. Kama kisingebadilika chochote, mgeni asingejua aketi wapi.

Rangi tatu za lugha

Walimu wa Kiswahili wanaweza kuuona mpango huu hata katika sarufi. Rangi tulizozitaja kuwa za msingi katika ukuta wa bibi ni tatu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Ni hizo tatu tu ambazo katika Kiswahili zina mizizi yake ya sifa inayopokea viambishi vya ngeli: ukuta mweupe, nyumba nyeusi, vyumba vyekundu. Rangi nyingine nyingi zimeazima jina la kitu. Kijani ni rangi ya jani. Kijivu ni rangi ya jivu. Kahawia ni rangi ya kahawa. Manjano ni jina la kiungo cha mchuzi. Na samawati imetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu. Neno "rangi" lenyewe asili yake ni Uajemi, nalo lilitufikia kwa njia ya bahari.

Jambo hili si letu peke yetu. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha utafiti wao juu ya majina ya rangi katika lugha nyingi za ulimwengu. Mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na jina la nyeupe, la nyeusi na la nyekundu. Wataalamu wengine wamebishana nao katika mambo kadhaa. Lakini mtu aliyelelewa katika nyumba ya udongo hashangazwi na tatu hizo. Ni rangi za vitu vipatikanavyo bila fedha: udongo mweupe wa bondeni, masizi ya chungu na ngeu ya ardhi. Lugha na ukuta vilichota katika shimo moja.

Jirani zetu na ndugu zetu

Tukivuka mpaka wa Mkoa wa Mara kuelekea kusini-magharibi, twaingia Usukumani. Huko, wachezaji wa nyoka, ambao chama chao kilikuwa na mafunzo yake ya siri, walichora picha katika kuta za ndani za nyumba zao: watu, wanyama, nyoka na viumbe vya masimulizi. Mwaka 1953 Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii katika Serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alichapisha London kitabu juu ya picha hizo. Kwa hiyo twajua kwa hakika kwamba katika ukanda huu wa Ziwa ukuta wa ndani ulikuwa mahali pa kuandikia maarifa, na kwamba mkono uliopaka udongo ulijua kufikisha ujumbe. Tofauti ni hii, kwamba picha za wachezaji wa nyoka zilipata mtu wa kuziweka kitabuni. Mkanda mweusi wa mama wa nyumbani haukumpata, kwa sababu kila mtu aliuona kila siku, na kitu kinachoonekana kila siku hudhaniwa kuwa hakihitaji kuandikwa.

Sasa twende mbali zaidi, hadi Pwani, kwa kuwa huko twaona watu wengine wakilijibu swali lilelile kwa njia iliyo kinyume. Nyumba ya bibi ilikuwa uwazi mmoja uliohitaji kutengwa. Nyumba ya mawe ya Lamu, ya aina ile iliyojengwa katika karne ya 18, ilikuwa na vyumba vingi vilivyohitaji kuunganishwa. Mtu aliingia kwa daka, akapita hadi kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Kutoka hapo nyumba ilipanda kwa safu: msana wa kwanza, kisha msana wa pili, kisha chumba cha ndani. Kila safu ilikuwa ndefu na nyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti uliweka mpaka wa upana wa chumba, usiofika mita tatu. Sakafu ilipanda kidogo kutoka safu moja hadi nyingine.

Katika nyumba hiyo nuru iliingia hasa kwa upande wa kiwanda, nayo ilikuwa na safari ndefu hadi ndani. Mafundi wa Lamu waliisaidia kwa chokaa. Walichoma matumbawe juu ya magogo, wakapata chokaa nyeupe, wakaipaka pote: ua, misana, na ukuta wa ndani kabisa ambao mara nyingi ulijaa zidaka zilizochongwa katika lipu. Weupe huo mmoja ulipokezana nuru kutoka ukuta hadi ukuta. Aliyesimama kiwandani aliziona zidaka kwa mbali kana kwamba safu zote ni chumba kimoja kirefu. Rangi iliunganisha, na mpando wa sakafu ndio uliotenga. Katika msonge wa Mara, sakafu ndiyo iliyounganisha, na rangi ndiyo iliyotenga. Njia ni mbili, lakini kanuni ni moja: kimoja kidumu, kingine kibadilike. Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Twafurahi kwa hilo. Pamoja na furaha hiyo twapaswa kujiuliza, kama kanuni iliyomo ni moja, kwa nini ile ya udongo na samadi ipotee bila hata kutajwa?

Vijiji na kuta mpya

Nyumba za Mara zilibadilika kwa sababu nyingi, na nyingi zilikuwa njema. Mabati, matofali na saruji vilikuja kidogo kidogo. Lakini mabadiliko ya haraka kuliko yote yalikuja na Operesheni Vijiji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifuatwa na mwito wa kuishi pamoja katika vijiji vya ujamaa. Mwezi Novemba mwaka 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa ni amri, na ilipofika mwaka 1976 sehemu kubwa ya wananchi wa mashambani walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Wako waliokwenda kwa hiari wakitumaini shule, zahanati na maji. Wako waliohamishwa kwa nguvu, wakaziacha nyumba zao zikiwa zimesimama au zimebomolewa. Historia ya kweli haina budi kuyasema yote mawili.

Katika vijiji vipya viwanja vilipimwa kwa mistari, na nyumba nyingi zilizojengwa juu yake zilikuwa za pembe nne. Nyumba ya pembe nne ni rahisi kuigawa vyumba, na kuta za ndani zilipanda hadi juu. Jambo hilo lilileta faragha ambayo msonge haukuwa nayo, wala hatulikejeli. Lakini mkanda uliokuwa ukizunguka bila kukatika sasa ulikutana na pembe na milango. Akina mama wengine waliuhamishia nje ya nyumba, na hadi leo mpita njia anaweza kuona huku kwetu nyumba iliyopakwa rangi nzito chini na rangi nyepesi juu.

Tena mkanda huo ulikuwa na ndugu yake katika majengo ya Serikali. Mwanafunzi anayesoma makala haya na atazame ukuta wa darasa lake au wa ofisi ya wilaya. Mara nyingi ataona kwamba sehemu ya chini, hadi kimo cha kiuno, imepakwa rangi ya mafuta iliyokoza, na sehemu ya juu ni nyeupe au inakaribia weupe. Chini panapoguswa na mikono na viatu panaoshwa. Juu panarudisha nuru. Katika nyumba nyingi za watumishi, nazo, sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu iliyosuguliwa ikang'aa, na wekundu huo ulitoka barazani ukapita katika kila chumba. Sisi tuliokaa katika nyumba za namna hiyo miaka mingi tulizitumia bila kufahamu kwamba tunakanyaga kanuni ya bibi.

Kosa letu wenyewe

Hatutaki kuandika kana kwamba sisi tulikuwa na hekima tangu mwanzo. Mwaka 1998 tulipomaliza nyumba yetu ya matofali huko nyumbani, tulikuwa tumeacha uwazi mpana kati ya sebule, meza ya chakula na njia iendayo vyumbani, kama tulivyoona mijini. Kisha, kwa kuona fahari, tulichagua rangi nne za kopo. Sebule ikawa ya samawati, mahali pa chakula pakawa pa manjano, njia ikawa ya kijani, na ukuta wa mwisho ukawa wa zambarau. Sakafu nayo tuliipasua: huku saruji nyekundu, kule nyeusi, pengine ya kijivu. Majirani walisifu. Nasi tuliketi ndani yake tukijihisi kama watu waliokaa kati ya vibanda vya soko, kila kibanda na mwenyewe, wala hatukujua kwa nini.

Miaka michache baadaye mama yetu alikuja kukaa nasi. Macho yake yalikuwa yamefifia kwa uzee. Aliona nuru na kiza, na aliona rangi zilizokoza, lakini hakuona umbo la vitu. Katika nyumba ya bibi, ambako alikuwa mkwe na alifunzwa kusiriba, alikuwa akitembea usiku bila taa. Katika nyumba yetu ya fahari alipotea mchana. Mahali ambapo sakafu ilibadilika rangi alidhani kuna ngazi, akanyanyua mguu bure. Mahali palipokuwa na ngazi ya kweli, pale pa kushukia jikoni, rangi haikumwambia neno, na siku moja alianguka. Aliumia nyonga, akalala kitandani wiki nyingi.

Alipoweza kuinuka hakutulaumu. Aliomba kitu kimoja. "Wanangu," alisema, "nipakieni ukosi wa nyumba." Tulimwuliza ni upi. Akautia mkono ukutani, chini, kwa kimo cha goti, akasema, "Hapa. Uanzie mlangoni, ufike kitandani pangu, usikatike. Nao uwe mweusi."

Tulifanya kama alivyosema. Tuliuondoa ule mchanganyiko wa rangi, tukaupaka ukuta wote weupe uliopoa, tukaifanya sakafu yote kuwa nyekundu, na chini ya ukuta tukauzungusha mkanda mweusi tangu mlango wa mbele hadi chumbani kwake. Jikoni, kwenye ukingo wa ngazi, mkewe ndugu yetu aliongeza kwa akili yake mwenyewe mstari mweupe. Mama aliufuata mkanda ule kwa jicho lililobaki na kwa ncha ya vidole, na katika miaka aliyokaa nasi hakuanguka tena. Wageni nao walianza kusema kwamba nyumba imekuwa kubwa. Haikuongezwa tofali hata moja.

Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Sisi tulikuwa tumefungua, tukaingia, na bado hatukuiona mpaka mtu asiyeona alipotuonyesha.

La kufanya

Kwa kijana ajengaye leo nyumba isiyo na kuta za ndani, mafunzo ni mepesi, wala hayahitaji gharama kubwa. Achague kwanza kitu kimoja kitakachopita pote bila kukatika, iwe ni sakafu au mkanda wa chini. Aweke rangi nyepesi katika ukuta unaoipokea nuru ya mlango au ya dirisha kubwa. Akitaka kuitenga sehemu moja, abadilishe ukuta mmoja tu, na rangi ya ukuta huo airudie kidogo mahali pengine, katika pazia au kitambaa cha meza, ili isiwe mgeni asiye na ndugu. Na mahali pa hatari, kama vile ngazi, abadilishe rangi ya sakafu hapo na si kwingine, ili badiliko hilo liwe onyo.

Kwa walimu na wanafunzi tuna ombi jingine, na hilo ndilo lililotusukuma kuandika. Mama alipofariki tulikumbuka kuwa hatukuwahi kumwuliza bibi alichimba wapi ule udongo mweupe, alichanganya samadi na majivu kwa kipimo gani, wala ni nani aliyemfunza. Tulikuwa tumekwenda shule, tuna kalamu na karatasi, na bibi alikuwa hapo miaka mingi. Tuliandika mashairi juu ya mwezi, wala hatukuandika juu ya sakafu tuliyoketi. Katika Morotonga, katika Tarime na kila mahali, bado wako akina mama wajuao kukandika. Mwalimu wa historia awatume wanafunzi wake kwao, si kwa kustaajabia mambo ya kale, bali kwa kuandika vipimo, majina ya udongo na mahali unapochimbwa, kama tuandikavyo mambo ya elimu yoyote.

Wanafunzi wakirudi darasani na madaftari yao, na wainue macho waitazame bendera uwanjani. Mwaka 1964 Tanganyika na Zanzibar zilipoungana ilihitajiwa bendera moja ya nchi mbili. Kijani kikakaa juu upande wa mlingoti, buluu ya bahari ikakaa chini upande wa pili, na kati yao ukapita mkanda mweusi usiokatika, wenye kingo mbili nyembamba za manjano. Hakuna rangi iliyoimeza nyenzake, wala hakuna iliyoachwa peke yake. Hatudai kwamba waliobuni bendera hiyo walimwuliza bibi wa Morotonga. Twasema tu kwamba kama wangemletea bendera hiyo aitazame, angeifahamu mara moja kuwa ni nyumba.